Kiswahili cha Nyabugogo: Kosa Linalochekesha na Kosa Linaloponza

Sisi walimu wa Kiswahili tuna maradhi yetu tunayoyajua wenyewe. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yetu, masikio hutuwasha kana kwamba yameingia siafu. Kibao cha duka kikiandikwa "Tunauza mchere na sukali", hatuwezi kukipita bila ya kukisahihisha kimoyomoyo. Mimi nami ni mgonjwa wa maradhi hayo, na kwa miaka mingi niliyafuga kwa fahari, nikiamini kwamba ndiyo alama ya mwalimu anayeipenda kazi yake. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mjini Kigali, kilivyonifundisha kwamba hasira zangu zote nilizimaliza juu ya kosa dogo, huku kosa kubwa likipita mbele yangu limevaa nguo safi.

Kwa msomaji asiyeujua mji wa Kigali, Nyabugogo ni jina la mto unaotoka katika ziwa Muhazi na kumimina maji yake katika mto Nyabarongo. Katika bonde la mto huo, chini ya kilima cha Nyarugenge, ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha mji. Hapo huondokea mabasi ya Huye, Musanze, Rubavu na Rusizi, na hapo pia msafiri hupanda basi la kumvusha mpaka kwenda Uganda, Kenya au Tanzania. Kinyarwanda ndicho lugha ya mahali, lakini msafiri akisimama kwa nusu saa tu atasikia Kiswahili cha kila namna: cha mfanyabiashara wa Kahama, cha dereva wa Kampala, cha mama muuza vitenge kutoka Goma, na cha kijana wa Nyamirambo aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Ni darasa lisilo na mwalimu, na kila mmoja humo ni mwanafunzi na mtahini kwa wakati mmoja.

Mama wa Kahama

Siku moja alasiri nilikwenda Nyabugogo kumpokea mgeni. Nilimkuta mama mmoja wa makamo ameketi juu ya mzigo wake, akilia bila ya sauti. Alikuwa amekuja Kigali kumwuguza binti yake, na sasa alitakiwa kurudi haraka kwao Kahama, kwani ndugu yake alikuwa amefariki. Siku iliyotangulia alikata tiketi, na mkata tiketi akamwambia kwa Kiswahili fasaha kabisa: "Basi lako litaondoka kesho, saa kumi na moja." Katika tiketi tarehe iliandikwa, na bei iliandikwa, lakini mahali pa saa paliachwa wazi. Mama huyo alifika kituoni saa kumi jioni, saa nzima kabla ya wakati, kama inavyompasa msafiri mwangalifu. Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na moja alfajiri. Lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka wa Rusumo mapema siku ile, na maziko yalikuwa kesho yake.

Mkata tiketi alipoulizwa hakuona kosa lake. "Nilimwambia saa kumi na moja," alisema, "na ni kweli liliondoka saa kumi na moja." Kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau: "Samahani mama, imetokea changamoto kidogo. Suala lako linafanyiwa kazi." Akarudi dirishani pake.

Hapo akaja mchukuzi mmoja wa mizigo, kijana wa miaka ishirini hivi, miguu imejaa vumbi. Alichuchumaa mbele ya yule mama akasema: "Mama, ile basi ilisha enda. Ilienda asubui, giza ingali. Ingine iko kesho, asubui, jua haiyatoka. Wewe kuja saa kumi ya usiku, hapa kwa huu mulango. Mimi nitakuwa hapa, nitabeba muzigo." Mama alifuta machozi, akauliza kama tiketi ya zamani itakubaliwa. Kijana akajibu: "Mimi sijui. Tuende wote tuulize." Wakaenda.

Walimu wenzangu, hebu tusahihishe insha hizo mbili. Mkata tiketi hakukosea ngeli hata moja. Upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa kamili. Mchukuzi alivunja kanuni karibu kila sentensi. Lakini wa kwanza alimwacha mtu gizani mara mbili, kwanza kuhusu wakati na pili kuhusu haki yake. Wa pili alitaja siku, akataja saa, akataja mlango, akamtaja atakayekuwapo, na lile asilolijua alisema kwamba halijui. Tangu siku ile nimeyagawa makosa ya lugha katika mafungu mawili: kosa linalochekesha, na kosa linaloponza. La kwanza huharibu umbo la neno, na aghalabu lina asili yake ya kihistoria. La pili humnyima msikilizaji kitu anachokihitaji, na mara nyingi limejificha ndani ya maneno yaliyonyooka.

Kiswahili kilivyofika

Ili tusiwacheke watu wa Nyabugogo bila ya haki, yafaa tukumbuke jinsi lugha hii ilivyofika Rwanda. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliipita nchi hii akitokea Pangani, pamoja na msafara wa askari na wapagazi. Baadaye Rwanda ikawa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1907 Richard Kandt akaanzisha mji wa Kigali juu ya kilima cha Nyarugenge. Askari, makarani, wapishi na wafanyabiashara waliokuja na utawala huo walisema Kiswahili. Mfalme Yuhi Musinga mwenyewe alijifunza lugha hiyo. Waislamu na wafanyabiashara walikaa upande wa Biryogo na Nyamirambo, ambako msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913.

Mwaka 1916, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Rwanda. Hapo njia za Kiswahili ziligawanyika. Upande wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, lugha ilishughulikiwa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo kazi yake ilirithiwa na chuo cha uchunguzi mjini Dar es Salaam mwaka 1964. Baraza la Kiswahili la Taifa likafuata huko Tanzania mwaka 1967. Rwanda haikuwamo katika mapatano hayo. Shuleni mwake kulitawala Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili kilibaki sokoni, kambini, njiani, na katika mtaa wa Biryogo, ambao wakazi wake Waislamu walihitaji kibali cha wakuu ili kutoka na kuingia.

Lugha isiyopewa shule hujilea yenyewe. Hukopa pale inapopungukiwa, hukata pale panapoizuia, na huchukua sauti za wenyeji wake. Kinyarwanda hakitofautishi sauti za l na r kama tunavyozitofautisha sisi, na hivyo "kulala" huwa "kurara" na "mchele" huwa "mchere". Huo si uvivu wa ulimi, bali ni ulimi unaotii sheria za lugha yake ya kwanza. Sisi wenyewe tulipochukua neno la Kijerumani Schule tukalifanya "shule", hatukuwaomba radhi Wajerumani. Na Wanyarwanda wakalifanya "ishuri", nao hawakutuomba radhi sisi.

Kisha zikaja nyakati za ukimbizi. Kuanzia mwaka 1959 maelfu ya Wanyarwanda walikimbilia Tanganyika, Uganda, Burundi na Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wengi wao na watoto wao walirudi, kila kundi na Kiswahili cha huko lilikotoka. Aliyesoma Kagera alirudi na Kiswahili cha darasani. Aliyekulia Uganda alirudi na Kiswahili kilichopita kambini. Aliyetoka Kivu alirudi na "iko" na "ilisha". Wote hao walikutana Nyabugogo, kwani kila anayerudi hushukia kituoni. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo lugha iliyokaa uani zaidi ya miaka 100 imekaribishwa sebuleni. Si ajabu ikiwa viatu vyake vina tope.

Makosa yanayochekesha

Mtu akikujia Nyabugogo na kusema "Ninatega basi la Huye", usidhani ameweka mtego barabarani. Kwa Kinyarwanda "gutega" ni kutega mtego, lakini pia ni kusubiri na kupanda chombo cha usafiri. Mwanafunzi amelihamisha neno na maana zake zote mbili, kama mtu anayehama nyumba na paka wake.

Vile vile mgeni kutoka Tanga atashangaa akiambiwa "Mwite karani akubebee gunia." Kwetu karani ni mtu wa kalamu na daftari. Kigali "umukarani", au kwa ukamilifu "karani ngufu", ni mchukuzi wa mizigo, yule yule kijana wa miguu yenye vumbi. Neno moja limetoka mezani likaenda mgongoni. Mwalimu mwenye haraka atasema kwamba hilo ni kosa. Mwenye subira atasema kwamba ni historia, naye atawaeleza wanafunzi maana zote mbili, ili wakifika Tanga wasimtwishe karani wa mahakama gunia la viazi.

Haya yote ni makosa yanayochekesha, na tiba yake ni mafunzo na muda. Mwanafunzi ayasahihishe, lakini asiaibishwe kwa ajili yake. Hata hivyo, lipo fungu lililo katikati, ambalo huanza kwa kuchekesha na kuishia kwa kuponza.

Mfano wa kwanza ni "subiri". Katika Kiswahili maana yake ni ngoja. Katika Kinyarwanda "gusubira" ni kurudi, na "subira inyuma" ni rudi nyuma. Nimemwona mzee kutoka shamba akiambiwa "Subiri, mzee!" naye akageuka kwa unyonge na kuanza kuondoka, akidhani amefukuzwa. Aliyemwambia alikuwa amemheshimu. Aliyeambiwa alijiona amedharauliwa.

Mfano wa pili ni neno "ejo" la Kinyarwanda, ambalo ni jana na pia ni kesho. Mwenyewe akitaka kubainisha husema "ejo hashize", yaani ile iliyopita, au "ejo hazaza", yaani ile itakayokuja. Katika mazungumzo ya kawaida kitenzi humwonyesha msikilizaji ni ipi kati ya hizo mbili. Lakini mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno huweza kuandika "Nitasafiri jana", na mfanyabiashara mwenye haraka akisikia "jana" huenda asingojee kitenzi.

Mfano wa tatu ni saa, nao ndio uliomponza mama wa Kahama. Wanyarwanda huhesabu saa kama sisi, tena kwa maneno yetu: saa moya, saa mbiri, saa tatu, saa yine, saa tanu, saa sita, saa saba. Kisha Kinyarwanda huingia chenyewe kwa "saa munani" na "saa cyenda", na hatimaye hupatikana ndoa ya lugha mbili katika "saa kumi n'imwe". Ni ushahidi mzuri wa jinsi Kiswahili kilivyozama katika maisha ya nchi hii hata pale kisipotajwa kwa jina. Lakini juu ya hesabu hiyo imewekwa hesabu ya Kizungu ya tarakimu 24 katika tiketi, na juu yake tena tofauti ya saa moja baina ya Kigali na majirani wa mashariki: jua linapokuwa saa moja Kigali, Dar es Salaam, Kampala na Nairobi ni saa mbili. Basi neno "saa kumi na moja" linapotamkwa Nyabugogo lina milango minne: alfajiri au jioni, saa za Kigali au saa za huko liendako basi. Anayelisema bila ya kuubainisha mlango hajasema kitu, ingawa kila silabi yake ni sahihi.

Neno "kazi" na safari yake

Huenda msomaji akasema kwamba ninakuza jambo, na kwamba basi likikukosa leo utapanda la kesho. Naomba tulifuate neno moja la Kiswahili katika historia ya Rwanda, ili tuone uzito wa jambo hili. Neno hilo ni "kazi".

Katika wakati wa Wabelgiji Wanyarwanda walilipokea kwa umbo la "akazi". Halikuwa kazi ya mtu kulima shamba lake, kwani hiyo ilikuwa na jina lake la Kinyarwanda. Akazi ilikuwa kazi ya kulazimishwa: kuchimba barabara, kukata matuta vilimani, bila ya ujira, chini ya kiboko, nalo neno "ikiboko" liliingia katika Kinyarwanda. Tazameni basi ujanja wa neno. Jina la heshima, jina la jasho halali, lilifunikwa juu ya dhuluma, na mtu aliyekataa dhuluma akaonekana mvivu anayekataa kazi.

Mwaka 1994 neno hilo lilipewa mzigo mwingine. Waliopanga na kuhimiza mauaji ya Watutsi hawakupenda kusema "kuua". Walisema watu waende "kufanya kazi". Mapanga na marungu yakawa "vyombo vya kazi". Waliouawa waliitwa "inyenzi", yaani mende, na "ibyitso", yaani washirika wa adui. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilipotoa hukumu yake Arusha tarehe 2 Septemba 1998 katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, majaji walilazimika kueleza kwa kirefu maana ya maneno kama hayo ya Kinyarwanda, na walimsikiliza mtaalamu wa isimu. Ilibidi kuuliza: neno hili lilisemwa na nani, mahali gani, wakati gani, na waliolisikia walielewa nini? Hayo ni maswali ya mwalimu wa lugha, lakini safari hii majibu yake yalikuwa ni uhai wa watu.

Leo "akazi" ni neno la kila siku la ajira, na kijana wa Nyabugogo asemaye kwamba anatafuta akazi anatafuta riziki yake ya halali. Sisemi kwamba mkata tiketi asiyetaja alfajiri au jioni ni ndugu wa wahalifu. Kufanya hivyo kungekuwa ni upuuzi na kuwakosea waliokufa. Nasema jambo jingine. Nchi hii inajua kuliko nyingi kwamba neno zuri lisilo wazi linaweza kufunika chochote, kikubwa na kidogo. Mwalimu anayefundisha lugha hapa hana ruhusa ya kuuchukulia uwazi kama pambo la insha.

Jina la Mswahili

Lipo pia jambo linalotugusa sisi wenye lugha. Katika Kinyarwanda neno "umuswahili" lilianza kwa maana ya mtu wa pwani au Mwislamu wa mjini. Kwa miaka mingi limebeba pia maana ya mtu mjanja, msema mengi, ambaye neno lake halishikiki. Maana hiyo ilichochewa na utengano wa mitaa na chuki ya wakati wa ukoloni, nayo haikuwa ya haki. Lakini tusijidanganye kwamba iko Rwanda tu. Hata Tanzania, nchi iliyokilea Kiswahili, watu husema "usiniletee Uswahili" wakimaanisha maneno ya kuzungusha. Lugha yetu ina ushairi wa karne nyingi, na katika vinywa vya baadhi ya watu jina lake limekuwa jina la uongo.

Jina kama hilo haliondolewi kwa hotuba za kukisifu Kiswahili. Huondolewa na mtu mmoja mmoja anayesema neno na likawa. Kila mara mwenye Kiswahili sanifu anaposema "sasa hivi" akimaanisha baada ya saa tatu, analithibitisha. Kila mara anaposema "hapo tu, si mbali" kwa mtu atakayepanda vilima viwili, analithibitisha. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini tuwe wakweli, mara nyingi ulimi wetu haukujikwaa, bali ulipita njia ya mkato kwa makusudi.

Na hapa yatupasa sisi tuliosoma tujitazame. Yule kijana mchukuzi hakusema "changamoto" wala "linafanyiwa kazi". Misamiati hiyo ni yetu. Neno "changamoto" lilikuwa na maana yake nzuri ya jambo linalomchochea mtu kujitahidi. Siku hizi basi likichelewa ni changamoto, mzigo ukiibiwa ni changamoto, fedha za mkutano zikipotea ni changamoto. Neno linalotaja kila kitu halitaji kitu. Na ile "linafanyiwa kazi" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Nani anafanya? Anafanya nini? Atamaliza lini? Kauli ya kutendwa na kutendewa ni hazina ya lugha za Kibantu, lakini imegeuzwa pazia la ofisi: imeonekana, imeamuliwa, itaangaliwa. Neno "kazi" limeondolewa kwenye kiboko na kwenye panga, likapumzishwa juu ya meza ambayo haina mtu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuandika katika ripoti za wanafunzi "anahitaji kuongeza juhudi kwa namna moja ama nyingine". Mzazi mmoja alinijia akauliza kwa adabu: "Mwalimu, ni namna ipi moja, na ipi ndiyo nyingine?" Sikuwa na jibu. Kama ningeandika kwamba mtoto hajui kupatanisha vivumishi na kwamba asome kurasa mbili kila jioni, ningekuwa nimemsaidia.

Yanayotupasa darasani

Kwa hayo yote, napendekeza kwa walimu wenzangu mambo matatu, ambayo nimeyajaribu na wanafunzi wangu.

Kwanza, tunaposahihisha insha au mazungumzo, tutumie alama za aina mbili. Kosa la umbo, kama "kitabu yangu", lipigiwe mstari mmoja. Kosa la maana, yaani pale msomaji anapobaki hajui nani, lini, wapi au kiasi gani, lipigiwe mistari miwili, na ndilo lipunguze alama nyingi zaidi. Wanafunzi wangu mwanzoni walinung'unika, kwani wapo waliozoea kupata sifa kwa maneno manene. Baada ya muhula mmoja sentensi zao zilifupika, na nilianza kujua walichotaka kusema.

Pili, tuwafundishe kutaja wakati kwa ukamilifu: siku, sehemu ya siku, na saa za nchi gani. "Kesho Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, saa za Kigali." Ni maneno machache tu, na mama wa Kahama angewahi maziko ya ndugu yake.

Tatu, tuwafundishe kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini katika jamii zetu mdogo huona haya kumwuliza mkubwa, na mgeni huona haya kumwuliza mwenyeji. Matokeo yake, asemaye fumbo hapati wa kumfumbua. Wanafunzi wangu hucheza mchezo wa kituoni: mmoja ni mkata tiketi, mwingine ni msafiri, na msafiri haruhusiwi kuondoka dirishani mpaka amekwisha kurudia kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyaelewa. "Kwa hiyo, ndugu, nije kesho kabla ya jua kuchomoza?" Mchezo huo hufaa zaidi kuliko kukariri orodha ya ngeli, ingawa ngeli nazo sijaziacha.

Kwani nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili cha mchukuzi ndicho tukifundishe. Kijana yule anastahili kufundishwa Kiswahili sanifu, ili kesho akiomba ajira asinyimwe kwa sababu ya "ilisha enda". Nasema kwamba yeye amekwisha kupata nusu ngumu ya somo, ile ya kumfikiria anayesikiliza. Iliyobaki ni nusu rahisi, na hiyo ndiyo tunayolipwa kuifundisha. Mkata tiketi alipata nusu rahisi shuleni, na hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba iko nusu nyingine.

Siku ile, kabla ya kuondoka na mgeni wangu, nilikwenda kuwatazama kwenye dirisha la tiketi. Kijana alikuwa bado amesimama pamoja na yule mama, akirudia swali lile lile kwa lugha mbili, mpaka tiketi ikaandikwa upya na mahali pa saa pakajazwa. Mimi, mwenye stashahada ya ualimu, nilikuwa nimesimama pembeni muda wote nikihesabu makosa yake ya upatanisho.

Kile kibao cha "mchere na sukali" bado hunisumbua kila nikipita. Sitaki kuwadanganya wasomaji. Lakini siku hizi kabla ya kukisahihisha hutazama kwanza kama wameandika bei.